Tunafufua Land Rover 109 Series III nyumbani: tuanze na chuma, rangi itasubiri

Kingolwira109

Wakuu habari za muda huu. Kila siku humu naona mtu anauliza kuhusu kununua Land Rover ya zamani na kuitengeneza mwenyewe nyumbani, majibu yanakuja nusu nusu na mengi yanaishia kwenye rangi na rimu, nikaona bora nifungue uzi tuujaze vizuri kila mwenye uzoefu aweke chake. Mimi niko Morogoro, gari ni 109 (ile ndefu, inchi 109 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma) Series III ya 1976, petroli, pickup ya turubai. Ilikuwa inapiga kazi shambani upande wa Kilosa mpaka ikalala, sasa hivi iko uani kwangu, tenki na bodi ya nyuma vimetoka, mbele bado.

Kitu ninachotaka kila anayeingia humu aondoke nacho ni kimoja tu: pesa ya kwanza iende kwenye chuma. Sio injini, sio siti, sio rangi. Chuma.

Watu wengi wanadanganyika kwa sababu bodi ya Land Rover ni alumini (kuna magnesiamu ndani yake pia, Waingereza waliita Birmabright). Rover walienda kwenye alumini kwa sababu baada ya Vita ya Pili chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, na ile gari ya kwanza kabisa ilipooneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 wenyewe walijua ni bidhaa ya kuvukia tu wakati wakisubiri mambo yatulie, kumbe ndo ikaja kuwabeba. Sasa alumini haitoi kutu nyekundu. Unakuta gari ina karibu miaka 50, bodi imebonyea bonyea lakini "iko safi", unatoa pesa, unafika nayo nyumbani unaingia chini na bisibisi, bisibisi inazama kwenye chesisi mpaka mpini.

Chesisi ya Series ni mabamba manne ya chuma yamechomelewa pembeni yakawa boksi, ndani kuna uwazi. Matope yanaingia, maji yanaingia, yanakaa. Inaoza kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo ukiona tobo dogo nje jua ndani kuna habari kubwa zaidi. Chukua nyundo ndogo upite nayo yote, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na unga mwekundu unadondoka. Pa kwanza kugonga ni ile boriti ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia, inapigwa na matope ya tairi maisha yake yote. Alafu ile mikono inayotoka pembeni ya chesisi kushika bodi, alafu pale springi zinapofungwa, hasa springi za nyuma upande wa mbele. Chesisi ukimaliza nenda kwenye lile bamba kubwa la chuma linalotenganisha injini na dereva, kwetu mafundi wanaliita faya woli. Hilo ni chuma pia, sio alumini, na ndo linabeba milango, kioo, usukani na pedeli. Sehemu za kuweka miguu huwa zimeisha, na chini kabisa kwenye ile miguu yake miwili inayokalia mikono ya chesisi.

Hizo sehemu mbili zikiwa hai gari yako iko hai, mengine yote yanafungwa kwa bolti.

kijana_wa_Ubungo

Mkuu shukrani sana kwa uzi. Mimi ni mgeni kabisa wa haya mambo, kwanza nitajuaje hii ni Series III na hii ni Two? Wauzaji wanasema chochote.

Kingolwira109

Angalia ndani kwanza. Kwenye Two na Two A (Series II na IIA) mita ziko katikati ya dashibodi, kwenye Three zimekuja mbele ya dereva. Grili ya Three ni ya plastiki, za kabla yake ni wavu wa chuma. Taa kubwa zikiwa zimebanana katikati kwenye grili hiyo ni ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 60, zilivyosogezwa kwenye mabawa ilikuwa bado Two A, kwa hiyo taa za pembeni peke yake hazikuhakikishii kitu. Three ilianza 1971 ikaisha 1985, gia zote za mbele zina sinkro (zinaingia bila kugonga), na ina alteneta badala ya dinamo. Ila mdogo wangu kumbuka hizi gari zimebadilishana viungo miaka yote hii, utakuta Two A imevaa uso wa Three. Namba ya chesisi ndo inaongea ukweli, hiyo tutaifikia.

Nax_Diesel

Niaje wasee, niko Nakuru. Nakubaliana na wewe kwa chesisi mia kwa mia lakini injini nitakupinga. Huku kwetu ukinunua 109 kitu ya kwanza unatoa hiyo petroli unaweka dizeli ya Isuzu ama Nissan, spea ziko kila kona Kirinyaga Road pale Nairobi, gari inapanda mlima bila kulia na mafuta unaweka kidogo. Hiyo petroli ya lita 2.25 inakunywa sana buda. Ukienda Maralal kule Samburu utaona Land Rover za zamani bado zinabeba watu na mizigo, na nyingi zimebadilishwa injini, zingekuwa na ile ya kwanza zingekuwa zimekufa.

Kingolwira109

Nax karibu sana kaka. Za Maralal zinafanya biashara, zinaamka asubuhi na kulala usiku barabarani, mwenye nazo ana haki ya kuweka injini yoyote inayomlisha. Mimi naongelea mtu anayefufua gari. Ukiweka Isuzu unaanza kukata mikono ya kubebea injini, propela shafti inabadilishwa urefu, gia boksi ambayo haikutengenezwa kwa nguvu ile inaanza kula gia ya kwanza na rivasi, na kadi ya gari inaandika injini nyingine na ile iliyopo ni nyingine. Ukija kutaka kurudi nyuma hurudi.

Alafu hii injini inasingiziwa jamani. Ni silinda nne, cc 2286, nguvu kama farasi 70 tu, ndio ni mnywaji, lita moja kilometa 5 mpaka 6 ukiwa na mzigo. Lakini mgandamizo wake ni mdogo, 8 kwa 1 na nyingine 7 kwa 1, maana yake haichagui petroli na haina kitu ndani ambacho huwezi kukifikia kwa spana. Mtu ambaye hajawahi kufungua injini maisha yake, hii ndo ya kujifunzia.

Loliondo4x4

Hapo kwenye injini nimo. Wakuu kama injini imekaa muda mrefu msikimbilie kuweka betri na kupiga stata, mtavunja ringi. Toa plagi zote nne, mimina kila silinda vijiko kadhaa vya mafuta ya gia za otomatiki ukichanganya na dizeli, acha ikae siku kadhaa, ukipita kila siku unaongeza kidogo. Baada ya hapo chukua hendeli. Hizi gari zina tundu la hendeli mbele chini ya rejeta, unaingiza mpaka inashika puli. Usilazimishe kwa nguvu, peleka mbele kidogo rudisha, mbele kidogo rudisha, mpaka uhisi inaachia yenyewe.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa: UKISHAFIKA SIKU YA KUWASHA KWA HENDELI, DOLE GUMBA LIKAE UPANDE MMOJA NA VIDOLE VINGINE. Usiizungushie hendeli kama unavyoshika mpini wa jembe. Injini ikirudisha teke, na hurudisha kama pointi (zile za kutoa cheche) zimekaa mapema, hendeli inachomoka mkononi bila kukudhuru, ukiwa umeizungushia dole linavunjika. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini.

MamaSpana

Asante Loliondo, hiyo ya dole gumba vijana hawaijui kabisa.

Mimi nina gereji ndogo Mbeya, breki na chini ya gari ndo kazi yangu. Nimesoma mpaka hapa sijaona mtu ameongelea kitu kinachoua watu majumbani. Hakuna kuingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Na HAKUNA kuweka tofali. Tofali la saruji linabeba vizuri kabisa mpaka dakika linapopasuka, halikupi ishara, halipindi, linapasuka tu na 109 inashuka na tani yake na nusu na zaidi. Kama huna stendi za chuma tafuta vipande vya mti mgumu, mataruma ya reli yale ya mbao ni mazuri sana, panga kwa kukatisha, weka chini ya chesisi nzima (sio ile iliyooza) au chini ya ekseli, toa tairi ilaze chini ya chesisi iwe akiba, alafu itikise gari kwa nguvu kabla hujaingia. Uani kwa nyumbani sakafu mara nyingi ni udongo, weka ubao mpana chini ya stendi isizame.

Na la pili, msichomelee tenki la mafuta. Hata kama limekaa tupu miaka, mvuke umo. Kaka umesema tenki umetoa, nimefurahi, wengine wanachomelea chesisi tenki likiwa pale pale sentimita chache.

Kingolwira109

Dada MamaSpana nashukuru sana. Tenki limetoka siku ya kwanza na liko mbali nyuma ya nyumba.

Wakati wa kuchomelea fungueni betri na waya za alteneta pia. Na kabla hujakata chochote kwenye chesisi, hili ni la lazima: pima. Gari ikae sawa kabisa, chukua pima maji na futi kamba, pima kona kwa kona kama msalaba kutoka matundu ya springi ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, alafu kulia kwenda kushoto, andika kwa rangi ukutani sio kwenye karatasi. Kata kipande kimoja, chomelea kipande kimoja, pima tena. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja chesisi inajisogeza na hutajua mpaka siku unafunga bodi matundu hayakutani.

Faya woli vile vile. Mimi kabla ya kukata miguu yake nilichomelea vyuma vya muda kukatisha pale mlango unapokaa, juu na chini, vikashika umbo. Milango ya Series ikishakataa kufunga ni kwa sababu fundi hakushikilia hapo.

Bamba natumia la milimita 2, kwenye sehemu za springi milimita 3. Usibandike kiraka juu ya kutu, maji yatakaa katikati na baada ya masika mbili utarudi pale pale na tobo kubwa kuliko la mwanzo. Kata mpaka ukutane na chuma kinachong'aa, ndo uchomelee.

pwani_Pangani

Salaam wote. Sie wa huku pwani tunayo shida yetu peke yetu, chumvi. Nina 88 (ile fupi) ya Series III hapa Pangani, upepo wa bahari peke yake unamaliza chesisi hata kama gari haijakanyaga mchanga. Nataka kuongelea ile nyeupe. Mnajua ule unga mweupe unaotoka pale alumini inapokutana na chuma? Watu wanadhani ni uchafu. Ndo alumini yenyewe inaliwa. Vyuma viwili tofauti vikigusana na kukawa na unyevu, hasa wa chumvi, kimoja kinajitoa kumlinda mwenzake, na alumini ndo inayojitoa. Angalieni chini ya milango, ile fremu ya ndani ni chuma na ngozi ni alumini, angalieni pale mabawa ya mbele yanapofungwa kwenye faya woli, na ile sakafu ya bodi ya nyuma pale inapokalia vyuma vya chini.

Dawa ni kuvitenganisha tu. Mie nimepaka rangi pande zote mbili kabla ya kufunga, alafu katikati nikaweka ukanda wa mpira niliokata kwenye tyubu ya lori, na bolti zote nikazipaka grisi kabla hazijaingia. Sehemu zisizokubali mpira nikaweka lami ya kuzibia mapaa. Wala si gharama, ni uvumilivu tu.

Na ndani ya chesisi: ule uwazi una matundu ya kutolea maji chini, yazibue yote kwa waya mpaka maji yatoke, osha ndani kwa mpira wa maji kwa nguvu, acha jua liikaushe siku kadhaa, ndo unyunyize nta ya kuzuia kutu ndani kwa bomba refu. Ukinyunyiza kabla haijakauka umefungia unyevu ndani.

Kingolwira109

Hii ya tyubu ya lori naichukua leo leo. Asante sana pwani.

kijana_wa_Ubungo

Wakuu mimi nimejaribu kufungua bolti za bawa kwenye moja niliyoenda kuikagua, spana namba 13 inaingia lakini inateleza, nikaacha. Kuna ujanja gani?

Loliondo4x4

Umefanya vizuri kuacha. Hiyo ni nati ya nusu inchi mdogo wangu. Nusu inchi ni milimita 12.7, spana 13 inaingia ila inacheza, ukiikamia inakula kona na nati inakuwa duara, hapo unaanza kutafuta grainda. Series ni gari ya inchi: 7/16, 1/2, 9/16 hizo tatu zinafungua karibu nusu ya gari. Na usishangae ukikuta kwenye gia boksi hata hizo hazikai sawa, kuna uzi wa zamani zaidi wa Kiingereza bado upo mle. Seti ya spana za inchi nunua kabla ya kununua gari. Soketi za pembe sita, zile za pembe kumi na mbili zinateleza kwenye nati zilizochoka.

Nati ikigoma: sugua uzi unaoonekana kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kupenya, acha usiku. Kesho yake kwanza kaza kidogo, ndiyo kaza, mpaka usikie inalia "tii", ndo ufungue. Ikigoma tena moto. Moto uende kwenye nati sio kwenye bolti. Na karibu na alumini moto uwe na adabu maana alumini haibadiliki rangi kabla haijayeyuka, unaiona iko kawaida, mara imedondoka.

Mtz_Birmingham

Habari za nyumbani ndugu zangu. Nafuatilia uzi huu tangu ulipoanza na nimefurahi sana. Mimi naishi Birmingham, Solihull zilikotoka hizi gari ni hapa jirani tu. Niongezee mawili matatu.

La kwanza ni spea. Msiogope, hii ni moja kati ya gari chache za zamani ambazo karibu kila kitu bado kinatengenezwa mpya, mpaka chesisi nzima iliyochovywa zinki inauzwa huku, faya woli pia, vipande vya kuchomelea vya mikono ya pembeni na boriti ya nyuma. Kusafirisha chesisi nzima sio mchezo kwa gharama, lakini vipande vya kuchomelea ni vyepesi na mtu anayekuja likizo anaweza kukubebea viwili vitatu. Tahadhari tu, spea mpya sio zote zina ubora, raba za breki na pointi za bei ya chini zinakufa haraka kuliko zile za zamani mlizotoa. Kama mna rota ya distributa au kondensa ya zamani ya Lucas inayofanya kazi, msitupe.

La pili, kuna makumbusho ya magari ya Uingereza pale Gaydon, wana vitabu vya kiwanda. Unawaandikia namba ya chesisi unalipia, wanakutumia cheti kinachosema gari ilitengenezwa lini, ilitoka na rangi gani na ilipelekwa wapi. Ukitaka kupaka rangi ya asili hakuna kubahatisha. Nyingi zilizokuja Afrika mtaona ni ile kijani iliyokoza, Bronze Green, au ule weupe wa krimu unaoitwa Limestone, ambao pia ndo walikuwa wanapaka rimu na paa.

Huku kwenye mikutano ya wenye magari haya mtu akikuta Series ina injini yake, bolti zake, na mikwaruzo yake ya kazi, anaisogelea hiyo kwanza kuliko iliyong'arishwa.

Nax_Diesel

Sawa mmenibadilisha kidogo lakini niulizie: petroli ya siku hizi haina risasi. Hedi za zamani zilitengenezewa petroli ya risasi. Si vavu zitakula siti zake (pale zinapokalia zikifunga)?

Kingolwira109

Swali zuri sana hili. Petroli ya risasi iliondolewa nchi zetu zote za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Ile risasi ilikuwa inalinda siti za vavu za ekzosi, bila hiyo vavu inajichimbia taratibu, uwazi wa tapeti unapungua mpaka vavu inashindwa kufunga na gari inakosa nguvu. Kwa gari inayotembea polepole na mizigo michache inachukua muda mrefu sana kuonekana, na ukikagua tapeti mara kwa mara utaiona inakuja. Ila kama umeshatoa hedi na imeenda kuskimiwa (kusawazishwa uso), mwambie fundi mashine akuwekee siti ngumu za ekzosi hapo hapo, kazi ni moja.

Uwazi wa tapeti za hii injini ni milimita 0.25 zote, za kuingiza na za ekzosi. Pointi kama 0.38. Mpangilio wa moto 1-3-4-2. Andika ndani ya boneti kwa rangi, hata fundi wa barabarani atakushukuru.

Na kabureta. Hizi nyingi zina Zenith, ile yenye boksi la juu linalofungwa kwa skrubu. Tatizo lake kubwa ni kwamba watu wanazikaza sana zile skrubu, lile boksi la juu linapinda kwenye kona, petroli inapita pembeni pasipotakiwa, gari inatoa moshi mweusi na kula mafuta kupita kiasi. Nax kaka, nusu ya hiyo sifa ya ulevi inatoka hapa. Chukua kioo, kipande cha dirisha kinatosha, laza msasa laini sana wa maji juu yake, weka matone ya mafuta, sugua uso wa lile boksi kwa kuchora nane taratibu, usikandamize. Inua uangalie: sehemu zilizong'aa ndo zilizoinuka, zile zilizobaki na kivuli ndo mabonde. Endelea mpaka uso wote ung'ae sawa. Badilisha ile ringi ndogo ya mpira ndani na gasketi, funga skrubu kwa vidole viwili. Mimi ya kwangu imeacha moshi mweusi kabisa.

MamaSpana

Narudi kwenye breki kwa sababu mnaipita haraka. 109 ni breki za ngoma magurudumu yote manne. Gari iliyolala miaka usijidanganye kwamba pedeli ikisimama basi breki zipo. Wili silinda zote fungua. Ukikuta kuna mashimo madogo ndani ya silinda ununue mpya, kuweka raba mpya kwenye silinda yenye mashimo ni kupoteza muda, itavuja ndani ya wiki chache tena itavujia kwenye viatu (vile vya breki vinavyobana ngoma). Hosi za mpira zote tupa hata kama kwa nje ni nzima, kwa ndani zinavimba na kuziba, mguu mmoja wa gari unabaki umeshika. Mabomba ya chuma weka mapya, ya shaba iliyochanganywa na nikeli ni mazuri yanakunjika kwa mkono na hayaoti kutu. Na mafuta ni ya breki TU, nimeshatoa kwenye gari za watu maji ya sabuni, oili ya injini, vitu vya ajabu. Oili inavimbisha raba zote na unaanza upya.

Na lile vumbi jeusi ndani ya ngoma msilipulize kwa kompresa wala mdomo. Viatu vya zamani vina asbesto na hiyo ikikaa kwenye mapafu haitoki. Lowesha na maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kifunge kwenye mfuko utupe.

Kutoa upepo kwenye 109 ni kazi, ukikwama kaza marekebisho ya viatu mpaka viguse ngoma kabisa kwanza, ndo utoe upepo, kuanzia gurudumu la mbali na masta silinda kuja la karibu. Alafu ndo unalegeza viatu.

Loliondo4x4

Dada hiyo ya kukaza viatu kwanza ni dhahabu, mafundi wengi hawaijui wanabaki kupampu mchana kutwa.

Umeme nao wakuu. Ukiona taa zinafifia, indiketa inawasha na taa nyingine ambayo hujaigusa, usikimbilie kununua taa. Ni ethi. Bodi ni alumini imefungwa kwenye chuma kwa bolti zilizoota kutu, umeme unatafuta njia ya kurudi unakosa. Vuta waya mnene mmoja kutoka betri kwenda chesisi, mwingine kutoka chesisi kwenda injini, na kila taa ipe waya wake wa ethi. Kama waya za zamani zimeshaanza kuachia plastiki ukizikunja, usiunge unge, badilisha mkungu mzima, gari nyingi za zamani zinaungulia hapo.

pwani_Pangani

Rangi je? Maana mwenye uzi amesema iwe ya mwisho, tumefika mwisho sasa.

Kingolwira109

Haha tumefika ndugu yangu. Alumini haikubali praima ya kawaida, rangi inakaa mwaka mmoja inaanza kubanduka kama maganda. Inataka ile praima yenye asidi inayouma kwenye alumini, safu nyembamba kabisa, ndo praima ya kawaida juu, ndo rangi. Kabla ya hapo osha na thina uondoe mafuta yote na usiguse tena kwa mkono mtupu. Msasa piga wa maji, sio mkavu, rangi za zamani za miaka ile nyingi zina risasi na vumbi lake sio la kuchezea hasa kama kuna watoto uani. Vaa barakoa.

Puti weka kidogo sana. Bodi hizi zikibonyea zinanyooshwa kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga nyuma yake, alumini ni laini inasikia. Binafsi mikunjo ya kazi kwenye bodi ya nyuma naiacha kama ilivyo, pale walipokuwa wanapakia magunia pana alama na sioni sababu ya kuzifuta. Mabawa ya mbele ndo nanyoosha.

kijana_wa_Ubungo

Wakuu la mwisho kutoka kwangu. Kuna moja nimeiona, bei ni nzuri, ila jamaa anasema kadi iliandikwa injini nyingine kwa sababu ilishabadilishwa. Chesisi anasema ni sahihi ila kibati cha namba hakipo. Ninunue?

Kingolwira109

Kibati kisikupe presha, kinafungwa kwa ribiti, kinaweza kuwa kilitoka walipobadilisha faya woli. Namba yenyewe ilipigwa kwenye chesisi, mbele kulia, kwenye ile pembe springi ya mbele inaponing'inia. Nenda na brashi ya waya, mafuta ya taa na tochi. Sugua taratibu kwa brashi tu, usipeleke grainda wala msasa mkali pale, namba nyingi zimepotea kwa watu kung'arisha. Ikionekana linganisha na kadi herufi kwa herufi. Ikiwa haionekani kabisa au pale pana weldingi mpya, achana nayo hata kama bei ni nzuri vipi, maana gari ambayo chesisi yake haisomeki huna utakachobadilishia kadi.

Injini kutofanana na kadi inarekebishika lakini mwenye kadi ndo aende TRA (mamlaka ya mapato) amalize kabla hujatoa pesa, sio baada. Na siku ya kwenda kukagua beba nyundo na bisibisi, anza nyuma kwenye boriti. Piga picha ya hapo kwenye namba na ya mikono yote ya pembeni uziweke hapa tuziangalie, kadi usiitume ina jina la mtu.